Barua kwa Mwanaidi, kabla ya mdahalo

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, Mama Rukia ameshatolewa plasta na anakusalimu sana. Habari nyingine zitasubiri, maana barua yako imenikaa moyoni. Ati watoto wa mdahalo wameafikiana kwamba Martin Luther King, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, alizaliwa mpole, na kwamba alichofanya ni kumuiga Gandhi? Shoga, wasifike Ijumaa na wazo hilo.

Waeleze kwanza habari za silaha. Watu weusi wa Montgomery, mji wa Alabama huko Kusini mwa Marekani, walipoanza kususia mabasi yaliyowabagua Desemba 1955, King alikuwa mchungaji wa miaka 26. King alishasoma habari za Gandhi tangu chuoni, baada ya kumsikia Mordecai Johnson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Howard, akihutubia alipotoka India. Lakini kusoma ni jambo moja. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba yake ikalipuliwa kwa bomu, mkewe Coretta na kichanga chao wakiwa ndani. King akasimama barazani akawasihi watu waliojaa nje, wengine wana silaha, warudi makwao kwa amani. Siku chache tu baadaye akaomba kibali cha kubeba bastola! Walimnyima, ila walinzi wa nyumbani kwake walikuwa na bunduki. Ndipo akaja Bayard Rustin, mtu aliyeyashika mafundisho ya Gandhi miaka mingi, na baada yake Glenn Smiley, mchungaji wa msimamo huohuo. Walikaa naye, wakabishana naye, mpaka silaha zikaondoka mle ndani. Na ujue Gandhi mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe hiyohiyo ya 30 Januari, mwaka 1948. Huwa nasimama hapo kila nikisoma.

Sasa hilo la kuiga. Mwaka 1930 Gandhi alitembea mpaka Dandi, pwani ya India, kuvunja sheria ya Waingereza iliyowakataza Wahindi kujitengenezea chumvi. Alabama hakuna aliyekuwa na shida ya chumvi. King alichochukua ni jicho la kuchagua dhuluma inayomgusa kila mtu kila siku, mpishi na mwalimu sawasawa, kisha kuikataa hadharani na kukubali kufungwa kwa ajili yake. Kwao ilikuwa basi. Walitembea kwa miguu siku 381.

Narudi kwenye huo upole, kwa sababu ndio unaoniuma. Mtoto akiamini ni tabia ya kuzaliwa, yule mwenye hasira atajiona hahusiki. Wape habari za James Lawson, mmisionari kijana Mmarekani mweusi: aliishi Nagpur, India, miaka mitatu akijifunza njia za Gandhi, akakutana na King mwaka 1957, King akamsihi aende Kusini upesi. Huko Nashville, mji wa Kusini, aliwafundisha wanafunzi kwa mazoezi: huyu anatukana na kusukuma, yule anajifunza kuvumilia bila kurudisha ngumi. Februari 1960 wakaenda kuketi kwenye kaunta za chakula za wazungu. Walipigwa, wakakamatwa, wakarudi tena. Mei 10 kaunta zikaanza kuwahudumia.

Je, yule binti wa Mzee Kombo bado yumo kwenye timu? Anaweza kuisimamia hoja hii? Mnaweza kujaribu zoezi moja la Lawson hapo darasani, au mkuu wa shule atakuja juu? Na wale wanaosema upole haukomboi mtu, wana mfano gani mkononi? Niandikie kabla ya Ijumaa, nina mengine ya kuongeza.

Wako,
Zuhura