Mtoto wa miaka 11 kawa mkalimani wa leba

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kidogo tu. Mi ni mama wa Kikongo, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, na mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu kujifungua, yaani nilichokiona mpaka sa hivi kinaniuma. Mkalimani wa kwenye simu anakatika katika, akirudi anaongea Kiswahili cha vitabuni, mara "ridhaa" mara sijui nini, mama wa watu uchungu umembana kashika chuma cha kitanda hata hasikii, basi nesi akamgeukia mtoto wa huyo mama, wa kiume wa miaka 11, eti ndo atafsiri! Mtoto kaangalia chini, kasema tu "mama, wanataka kukupasua." Hapo nani atasaini fomu ya kukubali upasuaji?

Na sheria ipo jamani, hospitali inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, na mtoto hatakiwi kutafsiri labda iwe dharura kweli na mkalimani hapatikani. Ila kwenye zile semina za wakimbizi kabla ya safari ya kuja huku mi nakumbuka tulifundishwa choo cha ndege na mkanda, hili la leba sikulisikia.

Kina mama, mkienda klinik ombeni mkalimani mapema, siku ile ile ya kwanza, msingoje uchungu.

Jirani kajifungua salama, wa kike. Ila yule kijana tangu siku hiyo hataki kumsindikiza mamake hata dukani.

Mama Neema, Marekani