Anayejiundia kompyuta aanze na ubao mama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie ubao mama, yaani mazabodi, bamba ambalo vifaa vyote vya kompyuta huunganishwa kwake, kwa kuwa ndicho kifaa kinachofikiriwa mwisho na watu wanaojiundia kompyuta za mezani, ilhali ndicho kingepaswa kufikiriwa kwanza. Vijana wanaohariri video, wanaochora ramani za majengo na wanaorekodi muziki wamezidi kuziacha kompyuta zilizoundwa kiwandani na kununua vifaa kimoja kimoja, iwe ni Kariakoo, Luthuli Avenue mjini Nairobi au kwa kuagiza Dubai, na ushauri wanaopewa karibu kila mahali ni uleule: weka fedha kwenye prosesa, kifaa kinachoendesha kazi za kompyuta, na kadi ya michoro, inayotengeneza picha za skrini, kisha chukua ubao wowote unaokubaliana navyo. Siuafiki ushauri huo. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huongezwa, diski hubadilishwa, prosesa huchomolewa na nyingine kuwekwa ndani ya dakika chache. Lakini kubadilisha ubao mama ni kufungua kila kitu hadi kasha libaki tupu, na mara nyingi ni kulazimika kununua prosesa na RAM mpya pia.

Ubao mmoja hupokea prosesa za soketi moja tu, yaani kikalio ambamo prosesa huchomekwa, na soketi hazilingani umri. Aliyenunua mwaka 2017 ubao wa soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD wenye chipuseti, yaani chipu inayoratibu vifaa vya ubao, ya B350 aliweza, baada ya BIOS mpya, programu ya kuuwashia ubao, kutolewa mwaka 2022, kuweka prosesa za Ryzen 5000 katika ubao uleule bila kugusa kifaa kingine. Aliyenunua ubao wa Z270 kwa ajili ya prosesa za Intel mnamo Januari 2017 hakupata bahati hiyo, kwa sababu Oktoba ya mwaka huohuo prosesa za kizazi cha nane zilitoka zikiwa na soketi yenye jina lilelile, LGA1151, lakini zikahitaji ubao wenye chipuseti za mfululizo wa 300. Leo LGA1700 ya Intel, iliyoanza 2021, imekwisha kupata mrithi wake, LGA1851, tangu Oktoba 2024, wakati AM5, iliyotoka Septemba 2022, AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na baadaye. Kwa anayeanza bila kifaa chochote mkononi, na anayetarajia kuongeza nguvu ya mashine yake kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, kama wengi wetu tunavyofanya, ningechagua AM5 yenye chipuseti ya B650 au B850. Chipuseti za X670 na X870E zinamfaa mwenye diski nyingi za kasi. Wengine wote waitumie tofauti hiyo ya bei kununua RAM.

Mwenye RAM za DDR4 tayari, yaani za kizazi kilichotangulia DDR5, ana hesabu nyingine. AM5 hupokea DDR5 pekee, na kwa kuwa pengo lililokatwa kwenye ukingo wa RAM hizo haliko mahali pamoja, DDR4 haiingii hata ikilazimishwa. Mbao za LGA1700 zenye chipuseti ya B760 zinapatikana za aina zote mbili, na baada ya bei za RAM kupanda vikali mwishoni mwa 2025, kuzitumia DDR4 ulizonazo kwenye ubao wa namna hiyo ni uamuzi wa busara hata kama soketi yenyewe haina maisha marefu mbele yake. Ila lazima jina lisomwe lote, kwa sababu mbao mbili zinaweza kutofautiana kwa alama ya D4 au DDR4 mwishoni mwa jina tu.

Jambo linalowasumbua wanunuzi kuliko yote, na ambalo wauzaji wetu hulieleza kwa nadra, ni BIOS. Prosesa kuingia kwenye soketi hakutoshi, maana programu hiyo iliyohifadhiwa ndani ya ubao ni lazima iwe inaitambua. Ubao wa AM4 wa B450 uliokaa ghalani tangu 2019 hautaanza na Ryzen 5000 hata kama kila waya umeunganishwa sawasawa, na mnunuzi ataondoka akiamini ameuziwa kitu kibovu. Watengenezaji wakubwa huweka katika tovuti zao orodha ya prosesa ambazo kila ubao unazikubali, pamoja na toleo la BIOS ambalo kila prosesa inalihitaji, na orodha hiyo ndiyo ya kuaminiwa kuliko neno la mtu yeyote dukani. Baadhi ya mbao zina kitufe cha kubadilishia BIOS kwa kutumia flashi bila prosesa kuwepo. Mimi hukithamini kitufe hicho kuliko taa zote za rangi zinazopandisha bei. Kazi hiyo isifanywe bila UPS, yaani betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ubao unaweza usiwake tena.

BIOS hiyohiyo ndiyo njia ambayo tiba humfikia mteja. Mwaka 2024 ilipobainika kwamba prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa kupelekewa volti kubwa kupita kiasi, marekebisho yaliyoanza kutolewa Agosti mwaka huo yaliwafikia watu kupitia watengenezaji wa mbao zao. Mwaka mmoja kabla yake, prosesa kadhaa za Ryzen 7000 zilipoungua, kinga ilikuwa BIOS mpya iliyoweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu moja ya prosesa hizo. Mwenye ubao ambao mtengenezaji wake hana tovuti wala matoleo mapya hawezi kupata kinga kama hizo.

Halafu kuna umeme wenyewe. Pawasaplai hupeleka volti 12 kwenye ubao, lakini prosesa hutaka volti moja na ushei, kwa hiyo ubao una sakiti za kuipunguza. Prosesa inayotumia wati 120 kwa volti 1.2 hupitisha ampia 100, ilhali fyuzi ya plagi zetu za ukutani haizidi ampia 13. Sakiti hizo hupata moto, na sisi tuishio Tanga, Dar es Salaam au Mombasa tunaanza na chumba ambacho tayari kimefika nyuzi 30. Mbao nyingi za bei ya chini kabisa, za H610 na A620, hazina mabamba ya kupozea sakiti hizo. Zinaitosha prosesa ya wati 65 na kazi za ofisini, lakini ukiziwekea prosesa kubwa na kuanza kuhariri video kwa saa nyingi, prosesa itapunguzwa kasi ili sakiti zisiungue, na fedha iliyolipwa kwa nguvu hiyo haitaonekana kazini.

Kuhusu mtumba nataka kusema wazi, kwa kuwa ndiko wenye kipato kidogo wanakoelekezwa. Ubao uliotolewa kwenye kompyuta ya ofisini mara nyingi haufuati vipimo vya ATX, vipimo vya kawaida vya mbao na makasha vilivyoanza mwaka 1995: tundu lake la umeme si lile la pini 24, matundu ya skrubu hayalingani na kasha la kawaida, na swichi ya kuwashia ina waya za namna yake. Zipo pia mbao za X79 na X99 zinazouzwa kama mpya pamoja na prosesa za Xeon, yaani prosesa za Intel za seva, na nyingi ya mbao hizo huundwa kwa chipuseti zilizotolewa katika mbao za zamani. Zina bei ya kuvutia, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hizo hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Anayetumia Linux anaweza kuzifikiria. Mwanafunzi anayehitaji programu za Windows azikwepe. Mtumba wowote unaponunuliwa, kifuniko cha soketi kiondolewe na pini zikaguliwe kwenye mwanga mzuri, maana katika soketi za Intel na katika AM5 pini ziko kwenye ubao wenyewe, na moja ikipinda RAM inaweza isitambuliwe.

Ukubwa hauhitaji maneno mengi: microATX, wenye milimita 244 kila upande, unawatosha karibu wote. Tundu la HDMI nyuma ya ubao nalo halifanyi kazi ikiwa prosesa haina michoro ya ndani, yaani uwezo wake wenyewe wa kutoa picha, kama zile za Intel zenye herufi F. Wengi wasio na kadi ya michoro huligundua hilo baada ya kulipa.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako linapochapisha ushauri au bei za vifaa vya kompyuta, lisiishie kuandika "ubao wa Intel" au "ubao wa Ryzen", bali litaje jina kamili, chipuseti, soketi na aina ya RAM. Wenye maduka nao waandike hayo kwenye risiti, pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao na toleo la BIOS lililomo, na wakubali mteja auone ubao ukiwaka na prosesa aliyoichagua kabla hajalipa. Kazi hiyo haichukui muda, na itapunguza mabishano ya kurudishiana bidhaa ambayo sasa humalizika kwa mnunuzi kuambiwa kwamba kifaa kilikuwa kizima kilipotoka dukani.

Wako,
Msomaji, Tanga