Tuwasikilize waliokuwa chini ya ndege zile

Bwana Mhariri,

Makala yenu ilisema ndege za Umoja wa Mataifa zilituletea amani Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga. Mimi mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, siwezi kuyapokea hayo hivi hivi. Desemba 1961, ndege za Uswidi na zile za mabomu za Wahindi ziitwazo Canberra, zote za Umoja wa Mataifa, zilipopiga uwanja wa ndege wa mji wa Kolwezi, hapa mjini makombora ya askari wa Umoja huo yaliangukia hata hospitali. Mama alitusukuma chini ya kitanda, akatuziba masikio kwa pamba ya mto aliouchana kwa meno.

Lakini jirani yetu, Muluba wa Kasai, alikuwa kambini kwa wakimbizi waliolindwa na askari hao hao. Kila alipozisikia ndege alimshukuru Mungu. Tena alituuliza, na ni haki yake: mbona hamtaji Fouga, ndege ya kivita ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, iliyowapiga kwa mabomu askari Waayalandi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, mnamo Septemba mwaka huo huo?

Mama na jirani waligombana juu ya hilo hadi uzeeni, na wote wawili hawapo tena. Tumeni waandishi Katuba, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na Kolwezi wakawarekodi wazee waliobaki, wa pande zote, mwaka huu huu.

Msomaji wenu, Lubumbashi