Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Kongwa iingie darasani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nafundisha masomo ya maendeleo katika chuo kimoja mkoani Dodoma, na nakuandikia kuomba kisa cha mradi wa karanga wa Kongwa, wilaya ya mkoa huu huu, kiingie katika masomo. Muhula uliopita nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataje hatua tano za ukuaji wa uchumi. Alizitaja bila kukosea: jamii ya jadi, maandalizi ya kupaa, kupaa, kuelekea ukomavu, zama za ulaji mkubwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yangu bado yuko hatua ya kwanza."

Kauli hiyo imenikaa rohoni. Bibi huyo analima mtama na uwele, anafuga, yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa, na ada ya mjukuu wake huituma kwa simu. Tumemfundisha kijana amwone bibi anayemsomesha kuwa ni mtu aliyebaki nyuma ya historia.

Hatua zile si sheria ya maumbile. Ziliandikwa na Mmarekani, Walt Rostow, katika kitabu cha mwaka 1960 alichokiita mwenyewe, kwenye jalada, ilani isiyo ya kikomunisti. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, nchi za Afrika zinapata uhuru, na Marekani ilitaka zifuate njia yake, si ya Moscow, makao ya ukomunisti wa Kisovieti. Baadaye Rostow akawa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Lyndon Johnson wakati wa vita vya Vietnam. Wanafunzi wetu wanakariri hatua, lakini hawajui zilitoka kwa nani wala kwa nini.

Na fikra yenyewe, kwamba jamii ya jadi husogezwa mbele kwa mashine na wataalamu kutoka nje, ilishajaribiwa hapa hapa kabla ya kitabu hicho. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa ili kulima karanga kwa mashine, kwa shabaha ya ekari zaidi ya milioni 3 pamoja na Urambo na Nachingwea. Mibuyu ikavunja vyuma. Udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikakwama ardhini. Wagogo walikuwa wameishi na mvua ile ya kubahatisha kwa vizazi, ndiyo maana hulima mtama na uwele, lakini ujuzi wao haukuingia kwenye hesabu ya wataalamu. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara.

Mwaka 1961 ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu Tanganyika ilizitaja njia mbili: kuwaboresha wakulima mahali walipo, au kuwageuza kabisa kwa kuwahamishia kwenye makazi mapya yenye usimamizi na mtaji. Serikali yetu changa iliiamini sana hiyo ya pili. Matrekta na nyumba vililetwa kwa mkopo, madeni yakazidi mavuno, na wengi waliohamia wakajiona vibarua wa serikali. Mwaka 1966 uanzishaji wa makazi mapya ukasitishwa.

Siombi Rostow aondolewe. Swali lake, kwamba kwa nini nchi moja inatajirika na nyingine haitajiriki, ni swali letu pia, na shule na zahanati tunazitaka wote. Naomba asomwe sambamba na Kongwa. Tangu 2024 tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili; humo panafaa sura nzima kuhusu karanga na makazi yale, na katika vyuo mwanafunzi asipewe alama kwa kukariri hatua tu.

Ombi la mwisho halisubiri mtaala. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mradi ulipoanza, leo amevuka 85. Kiangazi hiki nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Kongwa wakawasikilize wazee na kuwarekodi. Tunahitaji barua yako ya kututambulisha kwa uongozi wa wilaya na nauli ya basi moja. Yule kijana nimeshamwambia awe wa kwanza kuhoji, na aanze na bibi yake.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa masomo ya maendeleo, Dodoma