Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Damu Ichukuliwe Kabla ya Dawa

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Wanachama wenzangu, wazazi na walezi wa watoto wenye maradhi ya moyo hapa Mombasa. Hesabu za fedha ziko kwa mweka hazina na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma, kwa hiyo sitazirudia. Kamati imeniomba nafasi hii niitumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka huu kuliko mengine yote: endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake.

Mtoto mwenye moyo mzima ni nadra kuyapata. Watoto wetu wako katika hatari zaidi. Penye tundu baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo, damu hutoka kwa kasi kama maji ya mpira uliobanwa mdomo, ikauchapa ukuta wa upande wa pili kila moyo unapopiga. Ukuta ule huchubuka, na penye mchubuko damu huganda kidogo. Mpaka hapo hakuna maradhi. Lakini vijidudu vikiingia damuni, kutoka kwenye ufizi unaooza, kidonda cha ngozi au mpira uliokaa siku nyingi kwenye mshipa mkubwa, hunata kwenye ule mgando, hujifunika kwa mgando mwingine, na kuzaana humo. Kwenye eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonekana kama kinyama kidogo kinachopepea juu ya vali. Ndani yake hamna mishipa ya damu, hivyo chembe nyeupe zinazopigana na maradhi hazifiki vizuri. Ndiyo maana dawa hupitishwa kwenye mshipa, kwa kipimo kikubwa, wiki nne hadi sita.

Hatari si ya wenye tundu peke yao. Wamo wenye maradhi ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo za kuzaliwa nazo kwa pamoja, wenye vali zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, na waliowekewa vali ya bandia. Hata kichanga aliyezaliwa na moyo salama anaweza kuugua akiwa amekaa wodini na mpira katika mshipa mkubwa. Kwake huyu mara nyingi ni bakteria wa stafilokoka au fangasi wa kandida. Kichanga huenda asiwe na homa hata kidogo. Huacha kunyonya, hupumua mbio, hutoka jasho titini na kupauka. Mama akisema mtoto amebadilika, na asikilizwe.

Sasa nije kwenye kosa linalotuumiza. Mtoto wa moyo anapata homa. Mombasa homa ina majina mengi: malaria, denge, taifodi. Mzazi anapita kemisti na kurudi na chupa ya antibiotiki. Homa inashuka siku tatu nne, chupa inaisha, homa inarudi. Anapewa chupa ya pili. Anapofika hospitali wiki ya tatu, damu inachukuliwa ili maabara ioteshe vijidudu vilivyomo, lakini hakioti kitu, kwa sababu ile dawa imewapunguza bakteria ndani ya damu bila kuwamaliza walioko kwenye vali. Daktari anabaki anatibu kwa kukisia: hajui ni mdudu gani wala dawa gani itamuua.

Kwa hiyo kamati imekubaliana na neno moja tunalowaomba mlishike: mtoto wa moyo mwenye homa isiyo na sababu iliyo wazi asipewe antibiotiki yoyote kabla ya kuchukuliwa damu ya kuotesha. Malaria ipimwe, hilo halina ubishi. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha ipo, swali la moyo halijafungwa, kwani mtoto aweza kuwa na yote mawili. Nayo homa ya denge kwa kawaida huisha ndani ya wiki. Ikipita hapo, msikubali kuambiwa ni denge tu.

Kuna mambo mnayoweza kuuliza kwa heshima pale hospitalini. Damu ichukuliwe mara tatu, kila mara kwa kuchoma mahali papya. Kichanga hutolewa mililita 1 hadi 3 kila mara, mtoto mkubwa 5 hadi 7. Matone machache hayatoshi, maana bakteria huwa wachache katika kila mililita. Ngozi ipanguswe kwa dawa na iachwe ikauke yenyewe. Ikichomwa ingali na maji, vijidudu vya ngozi huingia chupani na majibu hudanganya. Kifuniko cha mpira cha chupa nacho kipanguswe. Chupa isiwekwe kwenye friji, ipelekwe maabara mara moja. Hakuna haja ya kungoja homa ipande ndipo damu itolewe, kwa kuwa katika maradhi haya bakteria wamo damuni wakati wote. Chupa hukaa kwa kawaida siku tano kabla ya kusemwa haikuota kitu.

Mtoto aliyezidiwa, anayepumua kwa shida au aliyelegea, hangojeshwi. Damu huchukuliwa haraka na dawa huanza papo hapo. Na kama tayari amekwisha kunywa antibiotiki, leteni chupa au pakiti yenyewe na mseme dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Msifiche kwa kuogopa kukemewa.

Eko isipoonyesha kitu siku ya kwanza haimaanishi hakuna kitu. Shaka ikibaki, hurudiwa baada ya siku chache.

Wiki ya pili ya matibabu ndiyo ngumu. Homa imekatika, mtoto anacheza, kanula, vile vijimpira vya kupitishia dawa mshipani, zinaziba na mishipa inakwisha, na nyumbani kuna watoto wengine. Hapo ndipo wazazi huomba ruhusa. Tafadhalini msiombe. Siku zinahesabiwa tangu damu ilipoacha kuota vijidudu, si tangu homa ilipokatika. Wakati huo wote angalieni udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, mkojo kama chai ya rangi, vidoa vyekundu visivyofifia vikibonyezwa, au pumzi fupi: vipande vya ule mgando vyaweza kukatika na kuziba mishipa kwingine, na vali yaweza kupasuka. Wengine huhitaji upasuaji kabla dawa hazijaisha.

Kinga inaanzia mdomoni. Mswaki asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na punje ya njegere kuanzia hapo. Mswaki wa mti si vibaya, ila ncha ikatwe na itafunwe upya kila siku. Ubuyu wetu wa sukari na rangi hunata menoni, basi uwe wa siku moja moja. Kukata kimeo na kung'oa yaitwayo meno ya plastiki, yaani vijino ambavyo havijatoka ufizini, kwa kichanga hakutibu kikohozi wala kuhara. Ni jeraha chafu mdomoni mwa mtoto asiyeweza kulistahimili.

Kabla ya kung'oa jino, baadhi ya watoto huhitaji dozi moja ya amoksisilini: wenye vali ya bandia, waliowahi kuugua endokaditisi, wenye maradhi ya moyo yanayofanya midomo na kucha ziwe za bluu na ambayo hayajarekebishwa, na waliotiwa kiraka cha kuziba tundu la moyo ndani ya miezi sita iliyopita au ambao kiraka chao kinavuja. Kwa vali za rumatiki miongozo hutofautiana, muulizeni daktari wake. Dozi ni miligramu 50 kwa kila kilo, isizidi gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 250 katika mililita 5, mtoto wa kilo 14 hunywa mililita 14. Kwa ile ya 125 hunywa 28. Someni chupa. Kosa la kawaida ni kuanza dawa baada ya jino kutoka na kuitumia siku tano. Jino la utoto likidondoka lenyewe halihitaji dawa.

Anayechomwa penisilini kila mwezi kwa ajili ya rumatiki asiache, lakini sindano ile haimkingi na endokaditisi. Mwambieni daktari wa meno, kwa maana bakteria wa mdomoni huenda wameshaizoea penisilini na itabidi atumie dawa ya aina nyingine.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hakikisheni mtoto ameandikishwa kama tegemezi wenu kabla hajaugua.

Kadi za mkononi zipo kwa katibu. Zina jina la maradhi ya mtoto, mzio wake, onyo la kuchukua damu kwanza, na kisanduku cha uzito. Uzito uandikwe kwa penseli, ufutwe na kuandikwa upya kila siku ya kliniki.