Farasi wa baharini si pambo la sebuleni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaonunua farasi wa baharini kwa vijana wenye ndoo hapa Mombasa. Mwaka juzi nilinunua wawili, nikawatia kwenye tangi la kioo la lita 60. Maji ya bahari niliyachota mwenyewe. Nikadhani kazi imeisha.

Kumbe samaki huyu hana tumbo la kuhifadhia chakula, wala meno. Alacho kinapita upesi, basi sharti ale mara kadhaa kwa siku. Tena wangu walitaka uduvi hai. Uliokufa waliutazama tu. Pampu nayo ikawayumbisha, maana si waogeleaji hodari, hadi nikawafungia vipande vya kamba wapate pa kuzungushia mkia. Siku ya tisa umeme ukakatika usiku kucha. Dume alikuwa na mimba (ndiyo, kwao baba ndiye mbebaji). Asubuhi wote walikuwa wamelala chini.

Anayetaka kufuga atafute waliozaliwa kwenye matangi, waliozoea uduvi wa barafu. Wa baharini tuwaache kwenye nyasi zao. Tangi langu sasa mke wangu amepandia dania.

Mstaafu wa bandari,
Tudor, Mombasa