Wafugaji wa Kahe tunahitaji jasi kabla ya urea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Kahe, Moshi Vijijini.

Mashamba yetu mengi yana magadi. Maji ya mfereji yakishakauka, kingo za matuta hubaki na ukoko mweupe, na matete tunayolishia ng'ombe huungua ncha kabla hayajafika kiunoni. Ukipeleka shida hiyo duka la pembejeo unaambiwa uongeze urea. Jirani yangu aliongeza mfuko mzima kwenye nusu eka. Majani yalichangamka kidogo, yakarudia unjano, na hela ikawa imekwenda.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, lakini si zote zinazofika kwenye mzizi. Udongo wa magadi wenye pH (kipimo cha uchachu au ualkali) inayozidi 8.5 huigeuza urea iliyomwagwa juujuu kuwa hewa ya amonia, ikapotea. Pita shambani jua likiwa kali siku chache baada ya kumwaga, utaisikia puani. Nitrojeni inayobaki hushindana na kloridi ya chumvi, mizizi ikashindwa kuinyonya vizuri. Tena mbolea yenyewe ikiyeyuka hutenda kama chumvi, kwa hiyo ukizidisha unaukausha mmea uliokuwa na kiu tayari.

Sisemi watu waache mbolea. Nyasi zisizopata nitrojeni ya kutosha huwa na protini kidogo, na ng'ombe hatakupa maziwa ya kutosha. Mimi nimepanda nyasi aina ya Rhodes, inayovumilia chumvi kuliko matete. Kila nikishakata naipa urea kidogo, naifukia na kumwagilia papo hapo, na samadi ya zizini naitandaza mwaka mzima. Wanaozidisha wakumbuke pia kwamba majani yaliyojaa mbolea kisha yakadumaa kwa ukame hulimbikiza nitreti, aina ya nitrojeni ambayo ikizidi ni sumu. Ng'ombe akiyala kwa wingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na anaweza kufa siku hiyohiyo.

Dawa ya magadi ni jasi, madini yenye kalsiamu. Kalsiamu yake huiondoa sodiamu iliyoshikamana na udongo, kisha maji huishusha chini, mradi mitaro ya kutolea maji iwe wazi. Jasi inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, mkoa wetu huuhuu, lakini madukani kwetu sijaiona. Na kipimo cha udongo, ambacho ndicho kingemwambia mtu kama ana magadi au chumvi ya kawaida, kiko mbali mno kwa mwenye ng'ombe wawili.

Serikali imetuletea mbolea ya ruzuku tangu 2022, na tunashukuru. Naiomba Wizara ya Kilimo itume wapima udongo Kahe na kutufikishia jasi kwa utaratibu kama huo, tena kabla ya masika, ili mvua zitusaidie kuisafisha ardhi.

Mama mfugaji,
Kahe, Moshi